Lugha ya Tatu Ndio Luku Mpya ya Mtaa

Vuta kiti, nikupange.

Wewe hapo, na hiyo hoodie ya Gikosh, uko na lugha mbili official na hujawahi lipishwa hata ashu. Katiba ya 2010, Article 7, ilimaliza hiyo story: lugha ya taifa ni Kiswahili, official ni Kiswahili na English. Ongeza ile ya ocha, ka hujaipoteza. Ongeza Sheng, yenye haiko kwa katiba lakini iko kwa kila nganya ya Rongai. Hapo ushafikisha nne na hata hujanawa uso. Kuna manchi za watu mtu anaongea moja mpaka anazikwa nayo. Mtoi wa Nai hana hiyo shida.

Lakini tusidanganyane. Hizo mbili official kila mtu ako nazo. Dem wa M-Pesa ako nazo. Konda ako nazo. Landlord akikuja kuitisha rent anazitumia zote kwa sentensi moja. Ukiandika kwa CV "English and Kiswahili", boss anapita hapo ka hajaona kitu. Ya kuomoka nayo ni ile ingine, ile mbogi yako yote haina. Hiyo ndio flex ya saa hii. Sio airpods, sio Jordan za kukopa.

Wazee na refund yao

Kwanza tuwatoe wazee kwa njia, juu hawa ndio walituharibia hesabu.

Theory yao ilikuwa moja: Kizungu ndio akili. Wakakupeleka academy. Huko odijo alikuwa na disk. Ukishikwa ukibonga Kikamba, unavalishwa shingoni, unazunguka nayo mpaka umnase mwingine akiteleza. Jioni, mwenye ako nayo anakula viboko. Hiyo game ni ya mkoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kwa Decolonising the Mind, 1986, vile watoi wa time yake walikuwa wanavizia wenzao. Mkoloni akahepa, disk ikabaki.

Sasa cheki comedy. Buda alilipa fees miaka yote ndio usibonge Kikamba. Disemba mnafika ocha, shosho anakusalimia, wewe unasmile tu ka mtalii. Buda anawaka! Ati watoto wa siku hizi wamepoteza mila. Buda, tulia. Service uliyolipia uliletewa. Refund hakuna.

Na lugha ya shosho, ya kabila yoyote, si ya kuchezea. 1977 Ngũgĩ alitoa Petals of Blood kwa Kizungu, kitabu imechoma serikali vibaya. Hakushikwa. Mwaka uo huo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo kwa Gĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, watu wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ wakauigiza wenyewe. Serikali ikaupiga marufuku, na 31 Disemba wakamchukua. Kizungu kilisomwa na wachache, Gĩkũyũ kilisikiwa na kila mtu kwa kiwanja. Jamaa akiwa Kamiti akaandika novel kwa tissue, tena kwa Gĩkũyũ. Wewe na notebook yako ya Naivas unasema hauna motisha?

So ya kwanza kwa list ni ya shosho. Teacher ako, fees hakuna, na lunch unapewa.

Aibu iko wapi

Sikiza hii poa: kushrub sio aibu. Kutweng ndio aibu.

Ukishrub, watu wanasikia lugha yako ya kwanza ikipita ndani ya lugha ya pili. Hapo hakuna kesi. Lakini yule chali wa block ya pili, amepita airport ya Doha akibadilisha ndege, anarudi akiongea ka ana viazi moto mdomoni? Huyo ndio wa kuchekwa. Hajaongeza lugha yoyote. Amechukua ile moja akaivalisha wigi.

Na watu wa kucheka mashrubu wamechelewesha wasee wengi sana. Mtu ako na Kifaransa ya miaka nne ya high school, lakini hawezi fungua mdomo juu kuna siku class ilimcheka. Nne mzima! Imeoza ndani. Kubali kuchekwa mapema, ni deposit. Ukishailipa hakuna mtu anakusumbua.

Ya bei: Kijerumani

Trend kubwa mtaani ni hii. Tangu Kenya na Ujerumani wasaini mkataba wa wafanyikazi pale Berlin, Septemba 2024, kila ghorofa ya tao imepigwa bango la German classes. Na wakora nao wakaamka.

Ukweli ni huu. Ile story ati mkataba unaleta job 250,000? Serikali ya Ujerumani ilikana hiyo namba hapo hapo. Mkataba hauna namba. Unafungua njia kwa wenye wako na skills na wamefikisha lugha. So agent akikushow "slot zimebaki mbili, tuma commitment fee leo", mblock.

Lugha yenyewe inapandwa kwa ngazi: A1, A2, B1, B2, C1, C2. Kuenda au pair unaitishwa A1. Nurse akitaka leseni ya kufanya wera huko, kawaida ni B2, na hapo kati ni miezi ya jasho. Kila level inameza makumi ya ngiri, na exam inalipiwa kando. Exam yenyewe ni mapande nne: kusoma, kusikiza, kuandika, kubonga. Ukijua kusoma tu umeliwa.

Form ya wajanja: usilipie A1 ka uko na bundles. Deutsche Welle, hao hao wanatangaza kwa Kiswahili tangu 1963, wako na course inaitwa Nicos Weg, video, A1 mpaka B1, free kabisa. Maliza hiyo kwanza. Ukiona bado uko na moto, sasa peleka ganji class.

Na usitishwe na der, die, das. Wazungu wengine hulia wakifika hapo. Jinsia tatu tu! Wewe ulikalishwa class four na A-WA, KI-VI, LI-YA, U-ZI, I-ZI, zote, ukatoka mzima. Kichwa yako ilishazoea kupanga majina kwa mafungu. Hapo tumewaacha mbali.

Ya mtaa: Kisomali

Sasa niambie, juu ya nini unaenda kutafuta lugha Berlin na Isli iko hapo, fare ni kidogo tu?

Enda Eastleigh uone vile kitu inafanyika. Customer wa kawaida anaingia stall ya shuka, anauliza bei kwa Swa, anapewa bei ya mgeni. Anabargain mpaka jasho. Halafu anaingia beshte yangu, anauza viatu Umoja. Anatupa "Iska warran, walaal?" Mwenye duka anaweka simu chini. Anacheka. Anamuuliza alijifunzia wapi. Beshte anauliza "Waa imisa?" na hapo bei inaanzia chini, bila kelele. Akitoka anasema "Mahadsanid", na wiki ijayo anawekewa mzigo kando kabla haijafunguliwa.

Kusoma pia ni rahisi. Somalia walichagua herufi za Kilatini 1972, so alfabeti unaijua tayari. Ni mbili tatu tu za kuzoea, na mabango ya Isli ndio darasa: Maxamed ni Mohamed, Cali ni Ali. Na Somalia saa hii iko ndani ya East African Community, so hii si lugha ya kununua shuka peke yake.

Rieng ni ile ile kwa Kifaransa. DRC waliingia Community 2022. Mtaani kuna wasee wa Goma na Bukavu, Swa yao imejaa Kifaransa. Kaa na mmoja, badilishaneni: yeye akupe Kifaransa, wewe umpe Sheng. Hakuna mtu anatoa pesa.

Ya macho: KSL

Hii ndio wasee wanalala nayo sana.

Katiba, Article 120: lugha official za Bunge ni tatu. Kiswahili, English na Kenyan Sign Language. Tatu! Buda yako anayejua siasa kuliko wote hapo base muulize, atakataa mpaka umfungulie simu.

Panda nganya jioni. Woofer inapiga mpaka kiti inatetemeka. Wewe na beshte yako mnaitana "ati nini?" ka mko mtoni. Huko nyuma kuna mamorio wawili, mmoja dirishani, mwingine mlangoni, watu sita hapo kati. Wanabonga kwa mikono. Mmoja anatoa story ndefu, uso wote unafanya kazi, nyusi juu, mashavu yamejaa, mwingine anacheka mpaka anashika chuma. Gari mzima haijapata kitu, na hawajapandisha sauti. Hao ndio walikuwa na maringo kuliko wote ndani ya hiyo mat.

KSL ni lugha kamili, na grammar yake. Sio kuigiza English na vidole. Haijifunzwi kwa clip moja ya TikTok, unafunzwa na Deaf wenyewe, na jina lako la ishara hujipi, unapewa na wao. Na wera iko: kanisa, korti, hosi, ile ka-box ya kona wakati wa news. Fikiria daktari hawezi sikia shida ya mgonjwa, na wewe peke yako hapo kwa queue ndio unaweza.

Yenye tayari uko nayo nusu

Halafu kuna Swa sanifu. Usikunje uso.

SADC waliipitisha kuwa lugha yao official 2019. African Union wakaifanya lugha ya kazi 2022. Rwanda waliiweka official 2017. Uganda, ambako watu waliiogopa miaka yote, cabinet ilipitisha 2022. UNESCO wakaipa siku yake, 7 Julai. Hapa kwetu Kenyatta alikuwa ameamuru Bunge ibonge Kiswahili tangu 1974, na bado kuna mheshimiwa anasoma hotuba moja ya Swa ka anapigwa na stima.

Bara zima linatafuta watu wa kutafsiri, kufunza na kutangaza, na wewe uko katikati ya daraja. Sheng yako usiiache, iko poa. Lakini jua kuvaa suti wakati suti inahitajika. Msee wa kubonga Sheng base na Swa safi kwa mic anakula pande zote.

Form ni hii

Chagua moja. Sio tatu, moja. Chagua yenye iko na watu karibu na wewe, juu lugha bila mtu wa kubonga naye inakufa kwa simu. App ni ya kuanza tu, haiwezi kukucheka, na bila kuchekwa mdomo haufunguki. Jifunze salamu, bei, na kuomba mtu arudie polepole. Hizo zikikaa, endelea.

Na usingoje ruhusa ya mtu. Wale wangekupa ruhusa bado wanatafuta ile receipt ya disk.