Mafuta ya Pikapu Huenda Wapi?

Mwanzoni mwa Oktoba 1973 pipa moja la mafuta ghafi liliuzwa kwa dola 3 hivi za Kimarekani. Ilipofika Januari 1974, bei hiyo ilikuwa imekwisha kupita dola 11. Tangu wakati huo nchi zisizochimba mafuta zimetambua kwamba kila lita inayochomwa bure ni fedha ya kigeni inayopotea. Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo, kwani petroli na dizeli yake yote huagizwa kutoka ng'ambo.

Pikapu ni chombo kinachotegemewa sana na wananchi. Hubeba nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, kuzipeleka Dar es Salaam. Hubeba saruji, mbolea, magunia ya mahindi na hata wagonjwa. Faida ya mwenye chombo huweza kuliwa yote na tangi la mafuta. Ndiyo sababu madereva wamebuni mbinu nyingi za kubana matumizi. Baadhi ya mbinu hizo ni za kweli, nyingine hazileti nafuu yoyote, na moja huua watu. Ili kuzitenganisha, yafaa kwanza kujua mafuta huenda wapi.

Joto linalopotea

Lita moja ya dizeli ina nishati ya kiasi cha megajuli 36, na lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi. Hata hivyo, nishati hiyo haifiki yote kwenye magurudumu. Injini ni mashine ya joto, na Mfaransa Sadi Carnot alikwisha kuonyesha mwaka 1824 kwamba hakuna mashine ya joto iwezayo kugeuza joto lake lote kuwa kazi. Injini ya Rudolf Diesel iliyopimwa mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 iligeuza asilimia 26 hivi tu. Injini za dizeli za magari ya leo, zikifanya kazi katika hali njema, hufikia asilimia 35 hadi 40, na za petroli aghalabu hubaki nyuma ya hapo. Sehemu kubwa ya nishati hutoka kama joto katika bomba la moshi na rejeta.

Dereva hawezi kuivunja kanuni hiyo, lakini aweza kuizuia hasara isizidi. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Mara nyingi chanzo chake ni chujio la hewa lililojaa vumbi au nozeli zilizochakaa. Hali kadhalika, injini inayonguruma gari likiwa limesimama hutumia zaidi ya nusu lita kwa saa bila kusogeza mzigo hata hatua moja.

Ukinzani wa hewa

Nishati inayofika kwenye magurudumu hupambana kwanza na hewa. Nguvu ya ukinzani wa hewa haiongezeki sambamba na mwendo, bali huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo huo. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, yaani kwa robo moja, ukinzani huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa pikapu ya kawaida, mahesabu yanaonyesha kwamba tofauti hiyo hugharimu kati ya lita moja na nusu na lita mbili kwa kila kilomita 100. Kinachopatikana badala yake ni dakika 15 tu. Kwa sababu hiyo Marekani iliweka mwaka 1974 kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, kwa nchi nzima. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1995.

Keria iliyo juu ya paa na mzigo uliorundikwa kupita kimo cha kabini huongeza ukinzani huo. Mzigo uliopangwa chini na kufunikwa kwa turubai lililokazwa huupunguza.

Wako madereva wanaoteremsha ubao wa nyuma wa bodi tupu wakiamini kwamba hewa itapita kwa urahisi. Majaribio katika vyumba vya upepo yameonyesha kwamba kwa kawaida mambo huwa kinyume. Ubao ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi kama mto, na upepo unaotoka juu ya kabini huteleza juu ya mto huo. Ubao ukiteremshwa, mto huo huvunjika na ukinzani aghalabu huongezeka.

Matairi na uzito

Adui wa pili ni tairi lenyewe. Kila linapozunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea kisha hurudi katika umbo lake, na kila mara nishati kidogo hugeuka kuwa joto. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea zaidi. Upungufu wa pauni 10 katika matairi yote huongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 2 hivi, licha ya kulichakaza tairi upesi na kulitia katika hatari ya kupasuka. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa bado baridi, kwa kufuata vipimo vya mtengenezaji. Aghalabu vipimo hivyo hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na matairi ya nyuma ya pikapu iliyojaa mzigo huhitaji upepo mwingi zaidi.

Breki ni mlaji wa tatu. Pikapu yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo, ikienda kilomita 80 kwa saa, huwa imebeba nishati ya mwendo ya kilojuli zaidi ya 600. Dereva akiisimamisha ghafla, nishati hiyo yote huwa joto la breki. Kuirudisha tena katika mwendo huo huhitaji mililita 50 za dizeli au zaidi, ambazo ni kama kikombe kidogo cha kahawa. Dereva anayeangalia mbali, akaondoa mguu mapema na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe, huokoa vikombe vingi kwa siku. Vilevile, afaa kupanda gia mapema bila kuilazimisha injini kuguguma.

Hatari ya mteremko

Hapa ndipo penye ile mbinu iuayo. Katika miteremko mirefu kama ya Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, wapo madereva wanaoondoa gia, na wengine huizima injini kabisa, ili gari lishuke bure.

Kwa kila mita 100 za kushuka wima, pikapu ya kilo 2,500 hutoa megajuli karibu 2.5, joto la kutosha kuchemsha lita 7 za maji baridi. Gari likiwa ndani ya gia, injini huchukua sehemu ya kazi ya kulizuia. Gia ikiondolewa, sehemu kubwa ya joto hilo huangukia breki peke yake. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mkamato, na mafuta ya breki huweza kuchemka. Na injini ikizimwa, msaada wa kukanyagia breki na wa kuzungushia usukani hutoweka.

Isitoshe, katika injini za kisasa akiba inayotafutwa haipo. Gari linaposhuka ndani ya gia bila akseleta kukanyagwa, mtambo wa kupuliza mafuta huyakata kabisa. Gia ikiondolewa, injini huhitaji mafuta ili isizimike. Hata katika magari ya zamani ya kabureta, tone linalookolewa halilingani na hatari yenyewe. Gia ya chini, inayochaguliwa kabla ya mteremko kuanza, ndiyo njia ya usalama.

Kupima ndiko kujua

Mbinu yoyote yapaswa kuthibitishwa kwa vipimo. Tangi lijazwe hadi juu na kilomita ziandikwe. Baada ya safari lijazwe tena kwenye kituo kilekile. Lita zilizoingia zikigawanywa kwa kilomita zilizokwendwa, kisha zikazidishwa kwa 100, hupatikana matumizi kwa kilomita 100. Safari moja haitoshi, kwani mzigo, upepo na milima hubadilika. Safari tano au sita hutoa picha ya kweli.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Dereva mwenye daftari na kipima upepo, anayetosheka na kilomita 80 kwa saa, atafika sokoni dakika chache baada ya mwenzake, nyanya zake zikiwa salama na sehemu ya faida yake ikiwa bado mfukoni.