Chumba cha Chini Chenye Unyevu

Katika nyumba nyingi za kale za Lamu chumba cha chini kimeachiwa magunia na panya, ilhali mama mzazi hawezi tena kupanda ngazi. Kosa kubwa ni kukipiga lipu ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe hufyonza maji ya ardhini. Saruji huuziba usipumue, unyevu ukapanda juu zaidi, na chumvi ikaibambua lipu yenyewe. Ibandueni. Kwanza zuieni maji ya paa na ya birika yasituame kando ya msingi, kisha muuache ukuta ukauke miezi kadhaa, madirisha wazi. Ndipo mkandike kwa chokaa na mchanga usio na chumvi. Rangi ya mafuta, hata ikipendeza, msiikaribie. Ukuta hautakauka kabisa, lakini kitanda cha mama kitakaa, mradi kisiuguse.