Matumizi ya Simu na Vishikwambi Darasani: Ufafanuzi kwa Walimu na Wazee wa Wanafunzi

Ni haki ya kila mzazi kuuliza masuali mawili. La kwanza, kwa nini mwanafunzi anakatazwa kuchukua simu skuli, ilhali mwalimu wake anaonekana na kishikwambi mkononi wakati wa somo? La pili, mzazi asiye na uwezo wa kununua chombo hicho, je, mtoto wake ataachwa nyuma? Makala haya yanakusudia kuyajibu.

Awali ya yote ifahamike kuwa kufundisha kwa kutumia vyombo vya mawasiliano si jambo geni hapa Visiwani. Kuanzia mwaka 2006, mradi wa RISE ulitumia redio kuwafundisha watoto wadogo kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze. Redio ilisema, ikanyamaza ili watoto wajibu, na mtu mzima akauongoza mchezo. Redio moja ilitosha kwa kundi zima. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu, Tanzania Bara na Zanzibar. Chombo kimebadilika, lakini kanuni ni ile ile.

Kanuni hiyo ilipata ushahidi karibu na kwetu. Katika mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangaza washindi wake mwaka 2019, watoto wapatao 3,000 wa Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Walijifunza wenyewe, bila ya mwalimu, kwa muda wa miezi 15. Kabla ya hapo, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, ile nusu iliyobaki nayo ina funzo lake: wapo watoto wengi ambao chombo peke yake hakiwafikishi. Hao ndio wanaomhitaji mwalimu.

Kwa hivyo, mwalimu anayeanza kutumia kishikwambi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Aliandae somo kwanza, kisha ajiulize ni wapi chombo kitasaidia. Mathalan, katika somo la mikoko, picha iliyokuzwa ya jani itawaonesha wanafunzi chembechembe za chumvi ambazo ubao hauwezi kuzionesha. Katika somo la kusoma, sauti za herufi zilizorekodiwa zitamsaidia mtoto kurudia mpaka ashike.

(b) Akichaji chombo tangu usiku, na apakue mafunzo mapema mahali penye mtandao. Somo lisisimame kwa kukatika umeme au kumalizika kifurushi.

(c) Awagawe wanafunzi katika makundi madogo, na kila mmoja apate zamu ya kukishika. Asiachiwe mwanafunzi hodari peke yake.

(d) Dakika za matumizi zikimalizika, chombo kizimwe na wanafunzi warejee kwenye madaftari yao.

Tukirejea suali la kwanza, tofauti iko katika usimamizi. Kishikwambi cha mwalimu kinafunguliwa kwa somo na kufungwa kwa somo. Simu iliyomo mfukoni mwa mwanafunzi hulia wakati wowote. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kuwa mwanafunzi aliyekatizwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kuirejesha akili yake kwenye somo. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu kwa wanafunzi wa skuli za msingi na za kati, lakini matumizi ya kufundishia yaliruhusiwa.

Kuhusu suali la pili, jibu ni kuwa mtoto hapaswi kuachwa nyuma kwa sababu hiyo. Kazi ya nyumbani isitolewe kwa njia ya simu pekee, kwani nyumba nyingine zina simu moja, nayo huondoka na baba alfajiri kwenda baharini. Kila kazi iandikwe pia ubaoni. Mzazi asiuze mbuzi wake kwa kudhani kuwa bila ya simu mtoto hatosoma.

Aidha, walimu wanakumbushwa kuwa picha ya mtoto ni amana. Isipigwe wala isisambazwe bila ya ridhaa ya wazee wake.

Wazee nao wanaombwa wafike skuli na waulize: chombo kinatumika katika somo gani, kwa muda gani, na mtoto wangu hukishika lini? Mwalimu aliyejiandaa atajibu masuali hayo bila ya taabu. Na mtoto akirudi nyumbani, asiulizwe ameona nini katika kishikwambi. Apewe kitabu, asome.