Kompyuta ya Zamani Isitupwe: Weka Linux Kando ya Windows

Vikundi vingi tunavyovitembelea vina kompyuta moja tu, tena ya kupewa. Ndani yake mna hesabu za akiba, orodha ya mikopo, barua za kwenda kaunti na picha za mradi wa maji. Nyingi zinatumia Windows 10. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kuishughulikia kama zamani, na masahihisho ya usalama yanawafikia tu wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Windows 11 nayo inakataa mashine nyingi za miaka ya nyuma kwa kuwa inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Basi wanakikundi wanaambiwa wachange pesa za kompyuta mpya. Sisi tunasema, ngojeni kwanza.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ule unaoamka kwanza ukiwasha mashine na kuziongoza programu zingine zote. Windows ni mmoja. Linux ni mwingine, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Ni wa bure, na si bure ya wizi kama zile Windows za kunakiliwa ambazo mafundi wengine hutuwekea mjini. Leseni yake inamruhusu kila mtu kuutumia, kuunakili na kumpa jirani.

Aina za Linux ni nyingi mno, na hapo ndipo watu huchoka kabla hawajaanza. Ubuntu ilitoka mwaka 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Kutoka kwa Ubuntu ikazaliwa Linux Mint mwaka 2006. Kwa anayeanza, sisi tungechagua Mint bila kusitasita, maana aliyezoea Windows hapotei: menyu iko pale pale chini kushoto. Ikiwa mashine ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, chukua ile iitwayo Cinnamon. Ikiwa ni dhaifu, chukua Xfce. Toleo la 22 litapata masahihisho hadi mwaka 2029, lakini linataka mashine ya biti 64.

Mbona basi tusifute Windows kabisa? Kwa sababu kuna kazi ambazo bado zinaihitaji. QuickBooks ya kuwekwa kwenye mashine haiendi kwenye Linux moja kwa moja. LibreOffice, inayokuja pamoja na Mint, hufungua faili za Word na Excel vizuri, lakini zile za Excel zenye makro zinaweza kusumbua. Mifumo yote miwili ikikaa humo, mweka hazina anachagua kila anapowasha.

Kabla ya lolote, nakili faili zote za kikundi kwenye flashi au diski ya nje, kisha uzifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama zinasomeka. Tunalikazia hili kwa sababu. Kikundi kimoja cha kina mama tunachokijua kilipeleka mashine kwa fundi, ikarudi ikiwa safi kabisa, na mikopo ya miaka miwili haimo. Ilibidi wakae chini, kila mmoja ataje deni lake kwa kumbukumbu ya kichwa. Unaweza kufikiria kikao hicho kilivyokuwa.

Sasa tafuta flashi nyingine ya gigabaiti 8, isiyo na kitu unachokihitaji. Faili ya Mint ni karibu gigabaiti 3, kwa hivyo ipakue saiba au mahali penye Wi-Fi badala ya kumaliza bando. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kuinakili tu kama picha hakutoshi.

Ukiwa bado ndani ya Windows, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye daftari, maana usipokuwa nao unaweza kufungiwa nje ya faili zako mwenyewe. Kisha ingia Disk Management, upunguze sehemu ya C na kuacha nafasi wazi ya gigabaiti 40 hivi. Zima pia ile Fast Startup, ambayo hufanya Windows isizimike kabisa.

Chomeka flashi, washa mashine huku ukibonyeza F12, au F9 kwa HP nyingi, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Usiharakishe kuiweka. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa hata siku nzima. Kitu kikigoma hapa, ni afadhali ujue sasa.

Ukiridhika, chomeka chaja (stima isikukatie njiani) na uanze kuiweka. Itafika skrini moja ya hatari. Ukiona maneno “Install Linux Mint alongside Windows,” hilo ndilo chaguo letu. Lile la “Erase disk” linafuta kila kitu, Windows na hesabu zote. Kama la kwanza halionekani, simama hapo, zima, umwite mtu anayejua.

Baada ya hapo, kila ukiwasha utaona orodha ya kuchagua Mint au Windows. Kuna jambo moja dogo linalowashangaza watu: ukirudi Windows, saa inaweza kuwa nyuma kwa masaa 3. Mashine haijaharibika. Linux huweka saa ya ndani kwa majira ya dunia, na sisi Kenya tuko mbele yake kwa masaa hayo 3. Fungua Mint, ingia Terminal, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha uirekebishe saa ya Windows mara moja.