Historia ya Zama za Karibuni Katika Vyuo vya Kidato cha Sita

Nchini Uingereza kijana akifikia umri wa miaka 16 na kumaliza mitihani yake ya sekondari, ziko njia kadha wa kadha za kuendelea na masomo, na mojawapo ni kuhamia katika chuo cha kidato cha sita. Vyuo vya namna hii si vya kale. Cha kwanza kilifunguliwa mjini Luton mwaka 1966. Humo mwanafunzi huchagua masomo matatu hivi, akayasoma kwa miaka miwili, kisha akafanya mtihani wa ngazi ya juu unaomfungulia mlango wa chuo kikuu. Wasomaji wetu waliopitia kidato cha tano na cha sita huku Afrika Mashariki watautambua mpango huu mara moja, maana ndiko ulikotoka. Uganda na Tanzania zingali zikiufuata. Kenya iliuacha mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya kuingia katika mfumo wa 8-4-4.

Leo twapenda kulizungumza somo moja tu kati ya hayo, nalo ni historia ya zama za karibuni. Sababu yetu ni nyepesi: katika historia hiyo sisi wenyewe tumo.

Kwa kozi zilizoanza mwaka 2015, sharti lililowekwa ni kwamba historia atakayoisoma mwanafunzi ienee kipindi kisichopungua miaka 200, na moja ya tano yake, au zaidi, iwe ya Uingereza. Tuchukue mfano wa bodi ya mitihani iitwayo AQA. Karatasi zake ni mbili, kila moja ya saa mbili na nusu, na kila moja ina asilimia 40 ya alama. Asilimia 20 iliyobaki ni ya insha ndefu, yapata maneno 3,500 hadi 4,500, ambayo mwanafunzi huitunga mwenyewe kabla ya mtihani, juu ya jambo lenye kuenea miaka 100 hivi. Katika karatasi ya kwanza mtahiniwa hupewa maneno ya wanahistoria watatu wasiokubaliana, akaulizwa hoja ya kila mmoja ina uzito gani. Katika karatasi ya pili hupewa nyaraka za zama zile zile: barua, hotuba, taarifa ya serikali. Hapo hapana budi aulize ni nani aliyeandika, alimwandikia nani, na alitaka aaminiwe nini.

Jambo hili twalisifu bila ya kusitasita. Wengi wetu tulifundishwa kuipokea historia kama mtu apokeavyo hesabu ya posho: imekwisha pigwa, tia sahihi uondoke.

Walakini mada huchaguliwa na chuo, na hapo ndipo penye kasoro. Urusi ya miaka 1855 hadi 1964 imo katika orodha, Ujerumani ya 1918 hadi 1945 imo, na ufalme wa Uingereza ng'ambo, toka 1857 hadi 1967, nao umo. Lakini wakosoaji wa huko huko wamelalamika kwa muda mrefu kwamba Hitler na Stalin huzungumzwa mno, na makoloni kidogo mno. Tusiwacheke. Nchini Uganda mtihani wa ngazi ya juu una karatasi nzima ya historia ya Ulaya toka 1789 hadi 1970, na kijana wa Mbale aweza kukusimulia habari za Metternich na Bismarck utadhani walikuwa majirani wa babu yake.

Sasa tutazame jinsi nyaraka zinavyopimwa, kwa kisa kilicho karibu nasi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, mahabusu wa vita vya Mau Mau walilazimishwa kufanya kazi, wakapigwa, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya Kenya ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa vifo ukaonyesha majeraha ya kipigo. Mwezi Julai mwaka huo jambo lilifika katika Bunge la London, na Enoch Powell, mbunge wa chama kilekile kilichotawala, akasimama usiku akailaumu serikali yake. Taarifa, uchunguzi, na hotuba ya bungeni: mwanafunzi akiwekewa vyote vitatu mezani, hana haja ya kuambiwa afikiri nini.

Lakini je, karatasi zenyewe zikiwa zimefichwa? Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alielekeza kwamba serikali mpya za nchi zilizokaribia uhuru zisirithishwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Nchini Uganda kazi hiyo ilipewa jina la Operesheni Legacy, yaani Urithi. Jina la kejeli, maana mrithi ndiye aliyenyimwa. Nyingine zilichomwa moto, na maagizo yakataka hata majivu yapondwe-pondwe. Nyingine zilisafirishwa kwa siri.

Ukweli ulifichuka kwa sababu ya wazee wa Kenya walioishtaki serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009, wakidai waliteswa kambini. Kesi ikiendelea, mwaka 2011 serikali ilikiri kwamba ilikuwa na majalada yapatayo 8,800, ya makoloni 37 ya zamani, katika jengo lake la Hanslope Park. Humo mliandikwa mambo ambayo wazee wale walikuwa wakiyasema kwa miaka mingi bila ya kusadikiwa. Mwezi Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kwamba, ikiwa watatenda dhambi, basi waitende kimya kimya. Mwezi Juni 2013 Waziri William Hague alitoa tamko la masikitiko Bungeni, na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Vitabu viwili mashuhuri juu ya vita hivyo, cha David Anderson na cha Caroline Elkins, vilitoka mwaka 2005, kabla majalada hayo hayajafunguliwa. Mwalimu wa kidato cha sita aweza kuweka maneno ya wote wawili mbele ya wanafunzi, akawauliza ni lipi lililothibitishwa na majalada, na ni lipi lingali na ubishi. Twaona hilo ni swali bora kuliko lolote la Bismarck.

Majalada hayo yalifunguliwa kwa umma kati ya 2012 na 2013, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, chini ya namba FCO 141. Kijana wa London atakaye kuandikia insha yake ndefu hulipa nauli ya treni. Kijana wa Nyeri au wa Jinja ahitaji viza na tiketi ya ndege.