Masafa Mpakani: Kwa Nini Redio za Nchi Mbili Hugongana

Mwingiliano wa masafa hutokea pale redio inapopokea kwa wakati mmoja mawimbi ya vituo viwili au zaidi vinavyotumia masafa yaleyale au yaliyokaribiana. Unaweza kutokea popote, ila mpakani una uzito wa pekee. Kila nchi hutoa leseni zake na kujenga minara yake, ilhali mawimbi hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Mpaka wa Tanzania na Kenya, unaotoka Ziwa Victoria, ukapita Sirari na Namanga, ukazunguka mguu wa Kilimanjaro na kuishia Bahari ya Hindi karibu na Horohoro na Lunga Lunga, una karibu kila sura ya tatizo hili.

Matangazo ya FM barani Afrika hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Mawimbi yake yana urefu wa mita 3 hivi na huenda karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo hayaufuati sana mviringo wa dunia. Ndiyo maana kimo cha antena huamua mengi kuliko ukubwa wa mtambo. Antena iliyo mita 100 juu ya uwanda tambarare hufikia upeo wa kilomita 41 hivi. Ikipandishwa kwenye kilima chenye kimo cha mita 900 kutoka uwandani, upeo huo unazidi kilomita 120. Kwa sababu hiyo minara mingi hujengwa vileleni, kama ilivyo katika kilele cha Vuria kwenye milima ya Taita, nchini Kenya. Kutoka Vuria hadi Taveta ni chini ya kilomita 75, na Taveta na Holili ya Tanzania ni pua na mdomo. Wimbi lililokusudiwa Taveta halina namna ya kuishia Taveta.

Mlima huohuo unaobeba mnara unaweza pia kuyaziba mawimbi. Mstari ulionyooka kutoka Arusha hadi Tarakea, wilayani Rombo, unakatiza Kilimanjaro yenyewe, yenye kimo cha mita 5,895. Matangazo ya FM yanayotoka Arusha hugonga mlima, na upande wa pili hubaki kivuli ambamo redio hukoroma au hunyamaza kabisa. Hali ni hiyo kwa Loitokitok, upande wa Kenya, ambayo mlima unaitenga na Moshi. Mtu wa Tarakea aliye ndani ya kivuli cha namna hii huwa na uwanda wazi mbele yake kuelekea nchi jirani, na kituo cha jirani humfikia safi kuliko cha nchi yake. Hapo hakuna aliyevunja sheria. Ardhi ndiyo iliyoamua. Ni vyema, basi, kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: usikivu hafifu, ambapo mawimbi ya nyumbani hayafiki, na mwingiliano, ambapo yanafika lakini yanasongwa na mengine.

Mwingiliano wenyewe una sura zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya vituo viwili kutumia masafa yaleyale. Redio ya FM ina tabia ya kulishika wimbi lenye nguvu zaidi na kulisukuma jingine nyuma. Gari linapotoka Arusha kwenda Namanga, safari ya takriban kilomita 100, msikilizaji anaweza kukutana na jambo hili waziwazi pale ambapo kituo cha upande wa pili kinatumia masafa sawa na cha kwake. Mwanzoni sauti ni safi. Mbele kidogo huanza mikwaruzo, kisha taarifa ya habari hukatika na muziki wa kituo kingine hushika. Gari likipanda mwinuko, kituo cha kwanza hurudi, likiingia bondeni hupotea tena. Mwenye gari hudhani redio imeharibika, kumbe imo katika ukanda ambamo nguvu za mawimbi mawili zinakaribia kulingana.

Sura ya pili ni ya vituo vyenye masafa jirani. Kituo kikubwa kilicho karibu huweza kumwagika juu ya kidogo kilicho mbali, hasa kwenye redio za bei nafuu ambazo hazichuji masafa vizuri. Kanuni za kimataifa zimeweka vipimo vya hali hizi. Ili matangazo ya stereo yasikike bila kusumbuliwa na kituo cha masafa yaleyale kinachoingia muda wote, nguvu ya wimbi linalotakiwa inapaswa kulizidi lile la usumbufu kwa desibeli 45, yaani zaidi ya mara 30,000. Kwa matangazo ya mono, desibeli 36 zinatosha, ambazo ni mara 4,000 hivi. Vituo vikiachana kwa kilohezi 200, kinga inayohitajika hushuka hadi desibeli 7 tu. Tarakimu hizi zinaeleza kwa nini kupishanisha masafa kidogo huleta nafuu kubwa kuliko kuongeza nguvu ya mtambo.

Hewa na saa ya siku nazo zina sehemu yake. Juu ya bahari na maziwa, tabaka la hewa yenye joto likikaa juu ya hewa baridi yenye unyevu, mawimbi ya FM hunaswa chini yake na kusafiri mamia ya kilomita kupita upeo wake wa kawaida. Wakazi wa pwani na visiwani huweza kupata kwa saa chache kituo cha mbali wasichokizoea, kisha kikapotea. Kwenye mawimbi ya kati, yaani ya redio za AM, badiliko hufuata jua. Mchana tabaka la chini la angahewa lenye chembe za umeme huyameza mawimbi yanayopanda juu. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi hurudishwa ardhini na tabaka za juu zaidi, mbali sana na mtambo. Kwa hiyo kituo kilichosikika vizuri saa kumi jioni kinaweza kuzongwa na sauti za nchi nyingine ifikapo saa mbili usiku.

Dunia haikuliacha jambo hili lijiendee. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lililoanzishwa mwaka 1865 na lenye makao yake Geneva, ndilo linalosimamia matumizi ya masafa baina ya mataifa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1975 uligawa mawimbi ya kati kwa Afrika, Ulaya na Asia, na vituo vikapangwa kwa nafasi ya kilohezi 9. Mkataba wa mwaka 1984, maarufu kama GE84, ulipanga masafa ya FM na ukaanza kutumika mwaka 1987. Chini yake, nchi inayotaka kuweka mtambo mpya karibu na mpaka hushauriana kwanza na jirani anayeweza kuathirika, ikieleza masafa, mahali, kimo cha antena, nguvu na mwelekeo wa mawimbi. Wakati mpango huo unaandikwa, vituo vya FM katika ukanda huu vilikuwa vichache. Leo redio binafsi na za kijamii zimejaa, na ndiyo sababu Umoja wa Mawasiliano Afrika, ATU, wenye makao yake Nairobi, ulishirikiana na ITU kuupitia upya mpango wa FM kwa nchi za Afrika.

Dawa inayokimbiliwa haraka ni kuongeza nguvu ya mtambo, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na jirani akijibu kwa kuongeza yake, kila mmoja hurudi alipokuwa huku usumbufu ukisambaa mbali zaidi. Ni kama wenye maduka wawili wanaoshindana kupandisha spika barabarani: wateja hawasikii bei ya yeyote. Njia zinazofaa ni mitambo midogo iliyojengwa ndani ya maeneo yenye kivuli, antena zinazoelekeza mawimbi upande wa nchi husika, na masafa yaliyopangwa pamoja na jirani. Nchini Tanzania, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umegharimia mitambo ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, katika maeneo ya pembezoni na mipakani kwa lengo hilo.

Msikilizaji naye ana la kufanya. Redio yenye kitufe cha stereo na mono iwekwe mono. Antena inyooshwe na kugeuzwa taratibu, au redio ihamishiwe dirishani, upande unaoelekea mnara. Chaja za simu, taa za LED na vigeuza umeme vya sola vizimwe kimoja kimoja, kwa kuwa vingi hutoa mkoromo ambao jirani wa ng'ambo hahusiki nao, hasa kwenye mawimbi ya kati.

Usumbufu ukiendelea, uripotiwe kwa mamlaka: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa aliye Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa aliye Kenya. Taarifa yenye manufaa hutaja masafa, mahali, tarehe, saa na jina la kituo kinachoingilia, kwa kuwa hayo ndiyo wataalamu wa pande mbili huanza nayo wanapokaa mezani. Mkazi wa mpakani ana haki sawa na wa mjini ya kusikia tangazo la chanjo, la mafuriko na la uchaguzi kutoka nchi yake. Asinyamaze, aandike taarifa hiyo na kuifikisha.