CHUMA KILICHO NDANI YA PAJA



Siku hizi ajali za boda boda zimefanya watu wengi vijijini kutiwa chuma katika mfupa wa paja. Wengi hufikiri, madhali chuma kimeingia, kazi imekwisha. Sivyo. Chuma ni gongo tu la kuushikilia mfupa mpaka uunge wenyewe, na paja huchukua miezi 3 hadi 6, wengine zaidi.

Chukua waya, uukunje na kuukunjua pale pale mara nyingi. Mwishowe unakatika, hata uwe mnene. Ndivyo chuma kinavyofanya mfupa usipounga. Kila hatua inakikunja kidogo sana, huoni kitu, mpaka siku moja kinakatika mtu akienda zake mtoni. Mara nyingine skrubu ndizo hutangulia. Basi watu husema ati amerogwa!

Maumivu yakirudi baada ya miezi, mguu ukipinda au kufupika, ama usaha ukitoka, mtu aende hospitali apigwe eksirei. Asikandwe. Anayevuta sigara aache, maana inachelewesha mfupa kuunga.

Mfupa ukishaunga, wengi hukaa na chuma maisha yao yote bila taabu. Lakini tunza karatasi za upasuaji: kikihitaji kutolewa, kila aina ina vyombo vyake.

Na kikundi je? Nauli ya kurudi kliniki inawashinda wengi kuliko maumivu yenyewe. Katika mkutano ujao, ulizeni nani ana chuma na hajarudi kupigwa picha, mfuko wa dharura umsaidie.